Rejeta ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 8 Februari 1999
Soksi jozi mbili, sweta mbili, kofia. Bado mikono ya mwanangu Nasra ni baridi. Uji, kisha dawa ya kifua. Ameitema nusu.

Rejeta ya chumba chetu, kile chuma cha ukutani cha kupasha joto, imekufa tangu Ijumaa. Nimeipapasa kila upande. Chuma kitupu. Ya sebuleni ina uvuguvugu. Ya chumba cha wifi Saada inaunguza mkono. Anakaa humo mlango wazi ili nione.

Nyumba nyingi za hapa Guangzhou, kusini mwa China, hazina kitu hiki. Mwenye nyumba, Mzee Song, ni mtu wa kaskazini. Kazeekea kwenye theluji, akaja huku akajijengea boila ya gesi roshani na mabomba ya maji moto yanayozunguka vyumba vitatu. Marehemu mume wangu aliipenda nyumba kwa sababu hiyo. Sasa mabomba yanampasha joto dada yake tu.

Nadhani amenifungia koki. Sina ushahidi. Namshuku, na inanitosha.

Jumanne, 9 Februari
Koki iko wazi. Nimeikagua Saada alipokwenda Zhanqian Road kununua magauni. Nilijiona mjinga, kisha nikakasirika zaidi. Ningependa awe yeye.

Mzee Song kaenda kwao kwa sikukuu ya mwaka mpya wao. Nimezunguka mtaa wote wa Xiaobei kutafuta fundi bomba. Milango imeshushwa. Mmoja nilimkuta anafunga mabegi. Akapunga mkono: meiyou, meiyou. Hakuna. Hakuna mpaka sikukuu iishe.

Magharibi Saada akasema bila kunitazama, "Mlete mtoto alale kwangu, wifi. Kuna joto."
"Ana chumba chake."
"Ana jokofu."

Nimemfunika Nasra mablanketi matatu. Joto liko hatua sita kutoka hapa na ninamnyima mwanangu kwa ukaidi wangu. Najua. Simpeleki.

Alhamisi, 11 Februari
Namchukia. Niandike hivyo hivyo.

Alikuja Septemba kumzika kaka yake. Akabaki kuendesha biashara nilipokuwa edani. Sikatai, alifanya kazi. Lakini tangu nitoke eda, kila siku wimbo ni ule ule: Nasra aende Unguja, akalelewe na bibi yake. Leo kaweka tiketi mezani. Nafasi mbili, tarehe 20. Yake na ya mwanangu. Hakuniuliza.

"Huyu ni mtoto wetu," akasema. "Huku atakufa kwa kifua, kama..." Hakumalizia. Hakuwa na haja. Anaamini mimi ndiye niliyechelewa kumpeleka kaka yake hospitali.

Nimetoa pasipoti ya Nasra kabatini. Nimeifunga kiunoni.

Bomba nitalizibua mwenyewe. Baba alikuwa fundi bomba Korogwe. Nilimshikia spana utoto wangu wote. Saada asipate la kusema kuhusu baridi.

Ijumaa, 12 Februari
Kwanza hewa. Nimelegeza skrubu ya juu ya rejeta. Hewa kidogo, matone meusi, basi. Rejeta isiyoziba hurusha maji.

Pili, mkono. Baba alikuwa akisema fuata joto, linapoishia ndipo penye ugonjwa. Bomba la kuingilia ni la moto mpaka kwenye kona, karibu na sakafu. Baada ya kona, baridi. Pameziba hapo.

Tatu, nimefanya upumbavu. Nimefunga rejeta ya Saada na ya sebuleni ili maji yote yasukumwe upande wangu. Boila ikaanza kugonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Mshale wa presha ukaingia kwenye nyekundu. Nasra alikuwa roshani, anacheza na vifuniko vya chupa, mgongo wake kwenye boila. Nimemnyakua, nimefunga gesi.

Saada akarudi, akakuta chumba chake baridi na mimi nimekaa sakafuni.
"Sasa wataka tufe sote?"
Alikuwa na haki ya kuuliza. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 13 Februari
Asubuhi Saada alifungua tena rejeta, akawasha boila, kwa sababu Nasra alikuwa akikohoa. Saa nne nikaizima. Nikamwambia nafungua bomba, nahitaji mtu wa kushika ndoo.
"Kwa ajili ya mtoto," akasema. "Si kwa ajili yako."

Tumeyatoa maji ya mfumo kadiri yalivyotoka. Yaliyobaki nyuma ya kona hayakutoka.
"Yamepoa?" akauliza.
Niligusa bomba. Nikasema yamepoa.

Hayakuwa yamepoa. Nilijua. Ilitakiwa kusubiri saa nzima, na sikutaka saa nzima ya kusikiliza maneno yake.

Nati ikazunguka mara mbili, bomba likachomoka lenyewe. Maji meusi, ya moto, yakaruka nje ya ndoo. Yakamwagika kwenye mguu wa kulia wa Saada. Nasra alikuwa kashafika nyuma yake, kashika gauni lake. Sikumwona alipoingia. Saada alimwona. Angeruka, angeiachia ndoo, na yote yangemwendea mtoto. Hakuruka. Aliuma meno, akashika mpaka nikafunga koki. Kisha akaiweka ndoo chini taratibu na kukaa kitandani kwangu.

Nimeutia mguu kwenye maji ya baridi muda mrefu. Ngozi imetoka kwenye vidole na juu ya unyayo. Hospitali wamemfunga bendeji. Kwenye teksi alisema mara moja tu, "Ulisema yamepoa."

Sikuomba radhi. Neno lilikuwepo, mdomo ukakataa.

Leo Nasra amelala kwa shangazi yake. Nimempeleka mwenyewe.

Jumapili, 14 Februari
Nimeifungua kona. Rejeta hii aliiweka mume wangu mwenyewe mwaka juzi badala ya ile ya zamani, Mzee Song akimwelekeza kwa ishara za mikono. Nimechokonoa kwa waya. Tope jeusi, halafu kitu laini. Nimekivuta kwa koleo. Kipande cha mpira wa buluu. Ndala. Alikosa wosha, kile kipete cha kuzuia maji yasivuje, akakata ndala kwa kisu na kutoboa tundu dogo mno. Joto likaulainisha, ukavimba, ukaziba njia. Tope likamalizia.

Nimekaa nacho mkononi. Nilitaka kumgombeza na hayupo.

Nikampelekea Saada kitandani. Alikigeuzageuza.
"Huyu kaka," akasema. "Kwetu alitengeneza baiskeli za mtaa mzima kwa ndala."
"Zilitengemaa?"
"Moja mbili."

Nikasema kabla sijaghairi: "Maji yalikuwa ya moto. Nilijua. Nisamehe."
Hakunisamehe. Alikitazama kile kipande.
"Na hospitali? Kaka alisemaje?"
"Kwamba ni uchovu, atajitibu mwenyewe. Nilimsihi siku tisa, wifi. Nilimpigia magoti. Siku ya kumi hakuwa na nguvu ya kukataa."

Akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Nilisimama pale kama mgeni. Baadaye akasema, bado ukutani, "Nenda kamalize kazi yako. Mtoto anakohoa."

Jumatatu, 15 Februari
Nimeisukutua rejeta bafuni. Ndoo kumi na moja. Nyeusi, kahawia, chai, mwisho maji. Ndani ya sanduku la zana la Mzee Song mlikuwa na wosha za kweli na tepu nyeupe ya kuzungushia maungio ya bomba yasivuje. Zilikuwepo miaka yote. Nimefunga, nimejaza maji, nimetoa hewa, nimewasha.

Dakika ishirini sikuthubutu kugusa. Kisha kona ya juu ikapata moto, kisha katikati, kisha chini kabisa. Hakuna tone sakafuni.

Nje fataki kila upande, kesho ni mwaka wao mpya. Nasra kaziba masikio.

Sina furaha. Nimechoka tu. Tiketi bado ziko mezani. Pasi bado iko kiunoni.

Alhamisi, 18 Februari
Nabadilisha bendeji ya Saada asubuhi na jioni. Ananiambia mkono wangu ni mzito, mchuzi wangu una chumvi. Kiatu hakiingii. Hawezi kusafiri Jumamosi. Nimefurahi kwa hilo na nimeona aibu kufurahi.

Nasra ameanza kurudi kulala kwangu. Kikohozi kimepungua.

Jumapili, 21 Februari
Saada amempigia simu mama yake Unguja. Nilikuwa jikoni, nachambua mchele. Sikujificha, naye hakushusha sauti.

"Mguu wapoa. Nitakuja mwezi ujao. Hapana, mama, peke yangu. Nafasi ya mtoto nimeirudisha." Mama akasema yake. "Atabaki kwa mamaake. Nimekaa humu miezi mitano, najua nisemalo." Mama akasema tena. "Alimsihi, mama. Kaka alikataa."

Akakata simu. Nikaendelea na mchele. Sikuwa nikiviona vijiwe tena.

Baada ya adhuhuri, mvua nyembamba. Nasra kalala. Saada akaita kutoka chumbani kwake, anataka chai. Nimepeleka vikombe viwili. Akasogeza mguu wake kidogo, nikakaa.