Nyumba Iliyoitikia Hodi

Chumba cha nyuma,
mkabala na ofisi ya maji,
Jumapili alasiri, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu na za mkaza mjomba wako. Hujambo? U mzima kweli? Watu huuliza hivyo kwenye mstari wa kwanza, kisha huendelea bila kungoja jibu. Safari hii mimi nangoja. Barua zangu za mwaka jana hukuzijibu, nawe si mtu wa kuishiwa maneno. Jina la Chiriku hatukukupa bure.

Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto linadeka kama bibi harusi.

Binamu yako, fundi cherehani, amerudi kwetu na wanawe. Mwenye nyumba wake alipandisha kodi, akapandisha tena, mwishowe akamwambia chumba kimepata mtu mwingine. Ametafuta mji mzima hadi soli za viatu zimeisha. Cherehani iko kwenye ujia, watoto wanalala chini ya meza hii ninayoandikia. Hata sasa mmoja amenishika kidole gumba cha mguu.

Hapo ndipo inapoingia nyumba ya marehemu mama yako. Nikueleze taratibu, maana uliondoka kabla ya mambo haya. Halmashauri imechoka kuona nyumba zikioza huku watu wakibanana. Afisa nyumba hupita mtaa kwa mtaa, na nyumba asimokuta mtu huiandika gofu. Halmashauri huiezeka upya, huipaka rangi na kuipangisha kwa kodi nafuu kwa miaka kadhaa. Mwenyewe hapotezi kitu. Muda ukiisha anarudishiwa mali yake, tena nzima. Hiyo ya mama yako ikiandikwa gofu, binamu yako ndiye wa kwanza kupewa.

Ila gofu, kwa kanuni yao, si nyumba iliyobomoka. Ni nyumba isiyoitikia. Afisa husimama mlangoni, hupiga hodi kwa sauti, hunyamaza. Asipojibiwa, huandika. Akijibiwa, hata kama paa limelala sakafuni, nyumba ina mkazi, na mkazi hatolewi. Niliposikia kanuni hiyo niliipenda. Ina adabu.

Jumatano mchana tulikwenda: afisa, binamu yako, seremala wa kutufungulia, nami. Magugu yameziba dirisha. Kufuli limeshikana kwa kutu, hata seremala akasema, "Mzee, hili si la kufunguliwa, ni la kuzikwa." Tukacheka. Afisa akapiga hodi.

Ndani mtu akaitika: "Karibu, kama huna njaa!"

Unalijua jibu hilo. Ulikuwa ukiwajibu hivyo wageni ulipokuwa mdogo, na mama yako akikufinya kwa aibu. Sauti ilikuwa yako, mpwa wangu. Wala si ya utotoni. Ni hii ya ukubwani, yenye ule mkwaruzo niliousikia uliponipigia simu mara ya mwisho.

Afisa akanigeukia. "Mzee, si mlisema humu hamna mtu?"

"Hamna."

"Basi anayetukaribisha ni panya?"

Binamu yako alikuwa amening'ang'ania kiwiko.

Seremala alikata kufuli. Vumbi lilikuwa limetanda sakafu nzima, laini kama unga, bila unyayo hata mmoja. Kiti kimoja tu hakikuwa na vumbi, kile cha dirishani ulichokuwa ukigombea. Nilikigusa. Kilikuwa na joto. Nikajiambia ni jua, kisha nikakumbuka magugu.

"Nani yumo, hilo si langu," afisa alisema, akifunika kalamu. "Hodi imejibiwa." Atarudi mwisho wa mwezi ujao, mara ya mwisho. Akijibiwa tena, nyumba itaachwa ioze, na watoto hawa watabaki chini ya meza.

Wajua nilifundisha lugha hadi nikastaafu. Neno "karibu" lina kazi mbili: humwita mtu aingie, tena husema kwamba jambo haliko mbali. Tangu Jumatano sijui siku ile lilifanya kazi ipi.

Kwa hiyo nakuomba. Niandikie uko wapi, hata mstari mmoja, kwa mkono wako. Na siku afisa akipiga hodi, Chiriku, nyamaza. Mara moja tu maishani mwako, nyamaza. Sikufukuzi. Watoto hawa ni damu yako, na kiti chako nitawakataza wasikikalie.

Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Binamu yako anakusalimu, ingawa tangu siku ile hapendi mtu ampigie hodi. Mungu akutunze popote ulipo, na neno "popote" nimelichagua.

Mimi mjomba wako, nikupendaye bila kuchoka,
Mzee Chaki

Nyongeza: Nimefungua tena bahasha. Barua hii niliinakili, kwa kuwa sikujua nikuandikie wapi. Hii itapita posta, kwa anwani yako ile ya zamani. Ile nyingine nimetoka kuipenyeza chini ya mlango wa mama yako. Kabla sijaiachia, ilivutwa.