Siyo Kifua, Mwanangu

Mbamba Bay

Mwanangu Skolastika,

Tumsifu Yesu Kristo. Uniwie radhi kwa kadi isiyo na bahasha. Duka la hapa limeishiwa, nami siwezi kungoja.

Leo sokoni, pembeni ya vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wetu wa ziwani, nimemkuta muuzaji wa ile "dawa ya kifua" unayoagiza huku. Nilidhani unakohoa. Kumbe ni majani makavu, yaliyosagwa, ya vimaua tulivyopanda kaburini kwa mama yako.

"Kifua kipi, bwana?" nikamuuliza.

"Cha akina mama, mzee wangu. Hata Wazungu wanatengenezea dawa yao."

"Nawe unapimaje?"

"Kwa kijiko! Siku hizi kila biashara ni ruksa, mzee."

Nimemfokea mbele ya watu, Mungu anisamehe. Ni kweli, katika ua hilo hutolewa dawa. Daktari wa misheni alinieleza, tukiwa tumekwisha kuchelewa. Lakini huchujwa kiwandani, hupimwa kwa uangalifu, huingizwa mshipani. Majani ya kuchemsha yatakudhuru bure.

Hasira yangu kubwa ni juu yangu mwenyewe. Mama yako nami tuliona haya, tukamwambia mganga wa zahanati "kifua", naye akatupa dawa ya kikohozi mwezi baada ya mwezi.

Mwaga unga huo. Jumatatu nenda hospitali, useme: titi. Nimeliandika wazi, hata tarishi alisome. Nakuomba, mwanangu mpenzi, ulitamke kwa sauti ambayo mimi sikuwa nayo.

Baba yako