Jua la Petro na Paulo

Baba,

Shikamoo. Mkono umezoea kuanza hivyo, halafu nakumbuka hakuna wa kuniitikia, basi machozi hayo.

Kanisa lako wamelibomoa. Nimeanza na hilo maana lingenikaba. Siku hizi Kibiti kila kitu ruksa, maduka yamejipanga barabarani, mitumba ndiyo usiseme, na kamati ikaona aibu kanisa kuipa barabara ubavu. Niligombana nao mpaka sauti ikanikauka. Wapi! Limejengwa jipya la matofali, mlango unatazama mabasi, na jua la asubuhi linagonga ukuta mtupu.

Wewe ulipopiga vigingi vya msingi alfajiri ile ya sikukuu ya Petro na Paulo, mwishoni mwa Juni, ulilifuata jua pale pale lilipochomoza. Jirani yetu Shamte alishika ncha ya pili ya kamba, huku anakucheka: "Sisi kibla yetu haihami, Mwalimu. Yenu inatembea?" Na kweli, Krismasi ilipofika jua lilikuwa limeshasogea kando, watu wakasema kanisa la Mwalimu limekaa kombo. Ukawajibu, "Subirini Petro na Paulo." Kila mwaka siku hiyo mwanga ulipita kidirisha cha juu ya altare, ukashuka katikati ya mabenchi mpaka mlangoni. Nawe ukasahau kwaya unayoiongoza, ukabaki mdomo wazi! Nilikuwa naona haya. Leo ningetoa chochote nione haya tena.

Tulipokuzika masika ya mwaka jana, wanakamati walitaka miguu yako ielekee jua la siku ile ya mazishi. Nikakataa. Shamte, aliyekuwa anachimba na wenzake, akasema, "Mwalimu ana kamba yake." Akachukua mstari wa ukuta wa kanisa, maana lilikuwa bado limesimama, akakulaza sambamba nalo.

Leo ni Petro na Paulo. Wenzangu wamo kanisani, mimi nilitangulia kwako alfajiri. Jua lilitoka miguuni pako, Baba, likapanda juu yako moja kwa moja mpaka msalabani kichwani. Halikukosea hata kidogo. Nikamwita Shamte kwa sauti aje aone, ingawa nilikuwa peke yangu kule makaburini.

Kanisa zima limebaki kaburi lako.

Pumzika, Baba. Nitakuja kila mwaka siku hii. Na wanangu nimeshawaambia: siku yangu ikifika, wasiulize jua liko wapi. Wanilaze sambamba na wewe.

Mwanao,
Tekla