Mzinga wa Baba Niliougeuza Spika

Mpendwa Mama Syombua,

Pokea salamu nyingi, na baada ya salamu nakuomba unishauri, maana siku hizi hata kwa cherehani sikai nikatulia. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kitui mjini, nina mke na watoto wawili, sinywi, kanisani naenda, ugonjwa wangu ni muziki tu. Siku ya Idi mwaka jana jirani yangu Othman alinialika kwake nikasikia stirio yake, besi ikapiga mpaka chai ikatetemeka kikombeni na mimi nikaisikia kifuani, na tangu hapo, mama, sijapata raha, nikanunua spika ya besi ya inchi kumi na mbili, nikaifunga kwenye kasha la mbao laini ikalia kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, nikaihamisha chini ya dirisha, nikaihamisha nyuma ya kochi, nikaipeleka mpaka karibu na kitanda, na mke wangu Muthoki akaniambia nichague, yeye ama spika.

Ndipo nikakumbuka mzinga. Baba yangu, Mzee Ndululu, alifuga nyuki miaka mingi kule Tulia, mizinga mingine iliozea mitini, ukabaki mmoja tu wa gogo la mti wa mukau uliokuwa wa babu, nyuki waliuhama wakati wa kiangazi naye akauweka chini ya ghala akingojea mvua, na mimi nikaona kitu kizito namna hiyo, chenye tumbo, ndicho besi inataka. Basi Jumapili moja wazee wakiwa kanisani nikaubeba, nikaukata, nikausugua kwa msasa mpaka ukang'aa, nikapaka vanishi, nikaifunga spika ndani yake, na ile alama ya ukoo iliyochongwa ubavuni ikaisha na msasa.

Baba alikuja mjini kununua mbegu akaingia kwangu, akauona. Akapitisha mkono ubavuni polepole akitafuta, halafu akaniuliza, "Kisilu, huu ni wa nani?" Nikamwambia ni wangu, baba. Akachukua kofia yake akaondoka bila kunywa chai, na hii ni Jumapili ya tano haniongeleshi, nikifika nyumbani anatokea mlango wa nyuma anaenda shambani, mama yangu anabaki kuniangalia tu.

Kwa hivyo nisaidie mambo mawili, kwanza besi bado haipigi kama ya Othman na sijui nakosea wapi, na pili, baba ataongea na mimi lini.

Kisilu, Kitui

Kisilu,

Umeanza na besi, ukamaliza na baba. Nitafuata mpango wako nisije nikakuonea.

Nimemuuliza fundi wa redio. Anasema uangalie nyaya kabla ya kulaumu mbao: nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukizipishanisha, hiyo ya besi inasukuma wakati spika za redio zinavuta, na besi inafia chumbani. Kisha iweke sakafuni, kwenye kona, ukuta uisaidie, na kasha liwe la mbao nzito, limezibwa kabisa. Gogo lililokaa juani miaka hiyo yote lina nyufa kila mahali. Yaani umeharibu mali ya babu yako kwa kazi ambayo haiiwezi. Pole, lakini ni hivyo.

Sasa baba. Usimpelekee mbuzi, usimtume mchungaji wala mama yako. Wewe ni Mkamba, unajua mzinga hutundikwa mbali porini bila mlinzi, na alama ndiyo inayosema ni wa nani, hata mwenye njaa akauogopa. Mzee alikuuliza ni wa nani, ukamjibu ni wako. Nimekasirika kwa niaba yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi hii funga kibanda chako. Tafuta gogo la mukau, ulipeleke Tulia pamoja na shoka, ukae pale mlango wa nyuma, na akitokea mwambie, "Baba, niliiba. Naomba unifundishe kuchonga." Usiongeze neno, na akikupita, rudi Jumamosi inayofuata.

Usikawie. Umenieleza inchi za spika, msasa na vanishi, lakini ile alama hukusema ilichongwa vipi, nami nadhani hukumbuki. Anayeijua amebaki mmoja, naye hasemi nawe.

Mama Syombua