Vipindi Viwili vya Maandalio

Jumatatu, 8 Machi 1954
Nimechora ratiba mara ya tatu. Wino ulivuja kwenye safu ya Jumatano, nikaukwangua kwa wembe. Madarasa manne, walimu wawili: mimi na Mwalimu Mkuu, Bwana Athumani. Mvua tangu alfajiri. Njia ya mashambani imezama, nusu ya watoto hawakufika.
Sanduku la vitabu limefika kutoka Kibiti. Vitabu arobaini na viwili. Nililiomba mwenyewe, kwa barua, mwaka jana. Litakaa kwetu mpaka Juni, kisha liende shule nyingine.

Jumanne, 9 Machi
Nimeomba vipindi viwili vya maktaba kwa wiki, darasa la tatu na la nne. Bwana Athumani alikubali upesi. Nikafurahi. Kisha akauliza vitatoka wapi. Hesabu haiguswi. Dini haiguswi. Akaweka kidole kwenye vipindi vyangu vya maandalio, Jumanne na Alhamisi saa nne, wakati yeye anapowachezesha watoto wote uwanjani.
"Maandalio utaandika nyumbani, Mwalimu Seif."
Nyumbani yuko mama. Mwaka wa pili huu amepooza upande wa kushoto. Jirani yetu, Bi Mwanaidi, humwogesha na kukaa naye asubuhi. Adhuhuri huenda kupalilia mpunga wake. Kuanzia hapo ni mimi. Kupika, kulisha, kumgeuza.
Sikumwambia hayo. Anayajua.

Alhamisi, 11 Machi
Maktaba ya kwanza. Watoto walinawa mikono kwenye pipa, wakakausha kwa mashati. Walianza kusoma kwa sauti, wote pamoja, kama wako chuoni kwa maalimu wa Kurani. Nikawaambia wasome kwa macho. Wakacheka. Kisha kimya. Sijawahi kulisikia darasa hili kimya bila fimbo.

Jumanne, 16 Machi
Nimefundisha mgawanyo bila maandalio. Nimekosea ubaoni. Mtoto wa darasa la tatu akanisahihisha, kwa adabu kabisa. Aibu.
Mama ana kidonda mgongoni.

Alhamisi, 18 Machi
Barua kutoka wilayani. Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Daftari langu la maandalio ni tupu tangu sanduku lilipofika. Nilimwambia Bwana Athumani nirudishiwe walau kipindi kimoja. Hakuinua uso.
"Nakili ya mwaka jana. Nani anayasoma yale?"
Hasira.

Jumamosi, 20 Machi
Nimenakili kutwa, pembeni ya kitanda cha mama. Somo, shabaha, vifaa, hatua. Ananiuliza naandika nini. Kazi, mama. Mwandiko ni mzuri, yaliyomo ni uongo.

Jumatano, 24 Machi
Mkaguzi amekuja. Mtu mpole, Mwafrika mwenzetu, viatu vimejaa tope la mtoni. Alilikuta darasa la tatu safi. Akafungua daftari langu, akasoma, akainua macho, akaanza kuwahesabu watoto kwa kalamu.
"Umeandika hapa watoto kumi na tisa. Mimi naona ishirini na sita."
Nilikuwa nimenakili mpaka idadi.
"Haya ni ya mwaka gani, Mwalimu?"
Nikasema ya mwaka jana. Nikamtazama Bwana Athumani. Alikuwa anatazama dirishani. Mkaguzi akamuuliza kama anajua habari hii. Akasema, "Ndiyo kwanza naisikia, Bwana."
Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema.

Alhamisi, 25 Machi
Sikulala vizuri. Maktaba kama kawaida. Watoto wawili waligombania kitabu kimoja, nikawapiga wote wawili. Hawakustahili.

Ijumaa, 26 Machi
Baada ya sala Bwana Athumani alinishika mkono, tukaenda ofisini. Mloka kunatafutwa mwalimu, akasema, na Mkaguzi amelitaja jina langu. Mloka. Juu kabisa ya mto, tembo wanakula mahindi mpaka mlangoni. Mama hafiki Mloka akiwa hai. Kumwacha hapa siwezi, Bi Mwanaidi ana maisha yake.
Lipo jambo moja la kufanya, akasema. Barua ilikuwa tayari, kwa mwandiko wake. Kwamba mimi, mwalimu wa darasa la tatu na la nne, nimeona vipindi vya maktaba vinapoteza muda wa masomo, watoto hawavijali, na ndivyo vilivyonikosesha maandalio. Naomba sanduku liondolewe.
"Tia sahihi, mambo yaishe. Mimi nitakuombea."
Nikamwambia watoto wanavijali.
"Najua," akasema.
Nimetia sahihi.

Jumatatu, 29 Machi
Sanduku limeondoka kwa mtumbwi wa wakata mikoko. Vitabu arobaini na kimoja. Kimoja kipo kwa Zuhura wa darasa la nne, hajaja shule tangu Alhamisi, anamsaidia mama yake shambani. Bwana Athumani anataka kikafuatwe. Nimesema kimelowa mvua, nimekitupa. Uongo wa tatu mwezi huu. Huu haunisumbui.
Watoto waliuliza sanduku linarudi lini. Nikasema limetakiwa kwingine.

Jumatano, 31 Machi
Habari imefika. Nabaki. Onyo kwenye faili.

Alhamisi, 1 Aprili
Mvua imepungua. Saa nne Bwana Athumani aliwatoa watoto wote uwanjani. Nimekaa darasani peke yangu. Nimeandika maandalio ya siku tatu: hesabu, kusoma, usafi. Watoto ishirini na sita. Kengele ililia nimekwisha maliza.
Bwana Athumani ametia sahihi chini, hakusoma.
Nimefika nyumbani mapema, mikono mitupu, daftari nimeliacha shuleni. Nikamgeuza mama, nikampaka dawa kidonda. Akasema siku hizi kazi yangu imekuwa nyepesi. Nikasema ndiyo, mama, imekuwa nyepesi. Akashukuru Mungu. Nikaenda kuwasha moto.