Dari Inauzwa, Uliza Duka la Chini

JESHI LA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Benedikta Severine Chilumba
Umri: Miaka 43
Kabila na dini: Mmakua, Mkristo
Kazi: Mwandishi wa mabango; zamani mwalimu wa shule ya msingi
Makazi: Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, Dar es Salaam
Tarehe na saa: 14 Machi 1995, saa 8:15 mchana
Anayeandika: WP Koplo Leticia

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu. Mikono yangu ina rangi nyekundu, na naomba ieleweke mapema kuwa ni rangi, si damu. Katika mahabusu yenu kuna kijana anaitwa Nassibu, fundi seremala wa Ilala, ameandikwa kuwa ameiba dari. Hajaiba. Dari ilitangazwa kuwa inauzwa, na aliyeandika tangazo hilo ni mimi.

Nilifundisha Kiswahili miaka kumi na sita, mchana watoto, jioni elimu ya watu wazima. Mshahara ulipobaki kuwa nauli tu nikashika brashi. Tangu biashara iachiwe huru, kila mtu mjini ana kitu cha kutangaza: saluni, mikanda ya video, maziwa ya kopo kutoka ng'ambo. Sisi waandishi wa mabango tunatoza kwa herufi. Afande, usilipite hilo, liandike. Kwa herufi.

Mnamo tarehe 11 Machi 1995, siku ya Jumamosi, saa 4:00 asubuhi, niliitwa na Mzee Champaklal, mwenye duka la vifungo na nyuzi Mtaa wa Jamhuri. Nyumba ni yake, ya ghorofa mbili, juu ya mlango imechongwa mwaka 1927. Nilimwamkia, akaitikia, akanipandisha hadi juu kabisa. Zamani palikuwa ghala la magunia ya ufuta. Sasa, afande, nilivua ndala mlangoni bila kuambiwa. Sakafu ya mbao inang'aa, bafu lina maji ya moto, sinki la jikoni limetoka Dubai, na madirisha ni makubwa hata viwanja vya Mnazi Mmoja vinaonekana. Juu ilikuwa imepigwa dari ya mninga mpya, ubao kwa ubao, imepakwa vanishi. Mzee alikuwa na furaha hata akawa anafungua na kufunga bomba bila sababu.

Alitaka niandike GHOROFA YA JUU INAUZWA. Nikamhesabia. Akashika kichwa. "Mwalimu, herufi nyingi mno! Huna neno fupi?"

Ninalo. Ghorofa ya juu ni herufi kumi na mbili, dari ni nne. Na dari si neno la kuokota. Watu wa pwani tangu zamani husema fulani yuko darini, maana yake yuko juu, na kamusi inakubali. Nilijiona hodari kweli siku hiyo. Mzee alipoona nafuu akaongeza sifa, nikaandika kwa nyekundu: DARI YA KIFAHARI INAUZWA. IMEKARABATIWA. ULIZA DUKA LA CHINI.

Leo tarehe 14 Machi 1995, saa 3:30 asubuhi, nilirudi kuongeza namba ya simu kwenye bango. Nilipanda ngazi yangu ukutani, juu kidogo ya mlango. Baada ya muda nikamwona Nassibu anatoka ndani na wenzake wawili, wamebeba mbao za mninga, wanazipanga kwenye mkokoteni. Ninamfahamu, hunichongea fremu za mabango. Akaniita, "Mambo, Mwalimu?" Nikajibu, "Poa." Akasema, "Bango lako leo limenipa riziki." Nikafurahi. Sifa ni tamu, afande, nami sikuuliza riziki gani. Nilidhani mbao ni masalia ya ukarabati, nikaendelea na namba yangu.

Yaliyotokea dukani kabla sijafika sikuyaona. Nimeambiwa na Nassibu na Bibi Shobhana, mkewe Mzee Champaklal, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao yanalingana. Nassibu anajenga mgahawa wa mtu Ilala na alikuwa anatafuta mbao za dari. Alisoma bango, akaingia dukani, akasema amekuja kwa ajili ya dari. Bibi Shobhana alikuwa peke yake. Akamwambia, "Mzee ana wateja wengi. Anayeleta laki tatu leo ndiye mwenye dari." Bibi alikusudia arubuni, malipo ya kwanza ya ghorofa. Nassibu alisikia bei. Akauliza, "Yote, mama?" Akajibiwa, "Yote. Sisi hatuuzi vipande." Akalipa. Bibi akampa ufunguo, akamwambia apande mwenyewe na wenzake wapime wanavyotaka, kwa sababu magoti yake hayataki ngazi. Nyundo zilipoanza, alidhani ni fundi wa mzee anamalizia kazi.

Saa 5:20 asubuhi Mzee Champaklal alishuka kwenye gari pamoja na Bwana Jaimin, ndugu wa mbali aliyerudi kutoka Uingereza na aliyekuja kutazama ghorofa hiyo ya juu ili ainunue. Walipita chini ya ngazi yangu wakicheka. Hazikupita dakika tatu, mzee akatokea kwenye roshani ya juu, kilemba cha vumbi kichwani, akanyoosha kidole kwenye mkokoteni, akapiga kelele: "Mwizi! Mwizi wa dari yangu!"

Afande, unalijua neno hilo mjini hapa. Hapakuwa na watu, mara pakawa na watu. Wenzake Nassibu walitimua mbio kuelekea Mnazi Mmoja. Yeye hakukimbia. Alisimama akasema, "Nimenunua jamani, nimelipa," na kusimama kwake ndiko kulikomponza. Alipigwa ngumi ya mdomo, kisha teke, kisha sikuweza kuhesabu. Mtu mmoja alikuja anaviringisha tairi. Mwingine akauliza nani ana kiberiti, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaka kuwasha sigara.

Mzee Champaklal alikuwa ameshuka. Mkewe alikuwa amemweleza kwenye ngazi kwamba huyo ndiye aliyelipa. Alijipenyeza kwenye watu, mzee wa miaka sabini, analia "Basi! Basi! Nimekosea!" Hakuna aliyemsikia. Kumbe neno mwizi ukishalitoa halirudi mdomoni.

Mimi niliogopa sana, nasema kweli. Nilijua sasa hivi mtoto wa watu anakufa kwa neno langu la herufi nne. Ndipo nikashika kopo la rangi, nikaligonga kwenye ngazi kwa nguvu zangu zote. Rangi ikanimwagikia. Nikatoa sauti ambayo sijaitoa tangu niache shule.

"Darasaaa! Macho ubaoni!"

Sijui kwa nini walitii. Nadhani kila mtu mzima nchi hii amewahi kukaa mbele ya ubao, akiwa mtoto au akiwa mzee. Vichwa viligeuka. Nikaelekeza brashi kwenye neno la kwanza. "Someni kwa pamoja!"

Walisoma watu kama sita. Nikasema, "Sisikii!" Wakasoma wengi. "Da-ri ya ki-fa-ha-ri i-na-u-zwa." Mpaka wachukuzi waliokuwa ng'ambo ya barabara walisoma.

"Kinauzwa nini?"

"Dari!"

"Huyu kijana amebeba nini?"

Mchukuzi mmoja akasema polepole, "Dari."

"Sasa mwizi ni nani?"

Sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu wa Kiswahili!"

Watu wakacheka, nami nikakubali papo hapo. Nikasema ndiyo, ni mimi, ila kabla ya kunipiga, mwenye jiwe aje kwanza anieleze dari ni nini. Hapo tena wakaniacha. Mmoja anasema dari ni mbao za kufunika paa, mwingine anasema wewe wa bara hujui, bibi yake Kilwa alikuwa analala darini. Ubishi ukawa mkubwa hata yule mwenye tairi akakaa juu ya tairi lake ili abishane vizuri. Nilishuka, nikamwinua Nassibu. Midomo ilikuwa imevimba. Akaniambia, "Mwalimu, mimi si nilisoma tu?"

Iliniuma. Nimefundisha watu kusoma miaka kumi na sita, na huyu amepigwa kwa sababu amesoma vizuri.

Saa 5:50 asubuhi askari wa doria walifika. Mzee Champaklal alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka, akiulizwa anajibu tu, "Dari yangu imekwenda." Kwa maneno hayo Nassibu aliletwa hapa kama mwizi. Bwana Jaimin alishuka baadaye, nikadhani atagomba. Wapi! Alikuwa anang'aa kuliko sakafu. Alisema mbao zilipotoka ameona boriti za mikoko za mwaka huo wa 1927, nyeusi na nene, na paa limepanda juu mpaka raha. "Mzee, usiirudishe ile ya mninga. Nainunua hivihivi!"

Sasa ni saa 9:05 alasiri. Wakati naeleza haya Mzee Champaklal ameingia na kukaa kwenye benchi mbele yangu. Nimemwamkia, amechelewa kuitikia. Kisha amesimama na kusema, naomba uyaandike alivyoyasema: "Afande, dari nimeuza mimi. Ya mbao nimemuuzia Nassibu, ya kukaa nimemuuzia Jaimin. Hapakuibwa kitu." Ameuliza pia anawezaje kumwondolea kijana lile neno. Nimemwambia, "Mzee, ulilisema kwa sauti, barabarani." Amegeuka kutazama barabara.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, nimesahihisha tahajia mahali pawili, nimetia saini kwa hiari yangu.

Saini: B. S. Chilumba

MAELEZO YA MWANDISHI: Nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Mlalamikaji amefuta malalamiko. Mtuhumiwa Nassibu ameachiwa saa 9:40 alasiri na kupewa fomu ya matibabu. Mlalamikaji amekataa gari, akatoka naye kwa miguu kurudi Mtaa wa Jamhuri, amemshika mkono. Kutoka kaunta nimemsikia akipaza sauti kwa kila waliyepishana naye: "Huyu ni Nassibu! Ni fundi! Anaitwa Nassibu!" Nimeendelea kumsikia mpaka kona.

WP Koplo Leticia