Matanga ya Kilimatinde

Kilimatinde, Jumamosi

Babu Isaka,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mwanangu Witness ameota meno mawili na anatuuma sote. Habari za kifua chako nimezisikia kwa shangazi Dina, maana wewe huwa husemi.

Leo nimetembelea Kilimatinde. Boma la Wajerumani bado lipo. Mwenyeji wangu Clement, Mnyaturu mwenye maneno mengi, alinipeleka porini kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wanakosema walizikwa wapagazi. Nikamweleza kwamba babu yako Mkumbo alichukuliwa kutoka kwetu Ulemo kubeba mizigo ya vita ile, hakurudi, wala hakuwekewa matanga.

Clement akajitupa handakini, akalala chali. "Hazikwi Mnyiramba hapa mpaka mimi mtani wake nipewe changu!"

Nilicheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi ya kweli. Nikampa ile asali ya Itigi niliyokununulia. Ndipo akainuka, akajipangusa vumbi, akanishika mkono: "Poleni na msiba."

Basi asali yako imeliwa matangani, nitakuletea nyingine. Ulisema hufi kabla babu yako hajaliliwa. Sasa ameliliwa, Babu, lakini wewe usiharakishe.

Mjukuu wako mwenye vumbi hadi masikioni,
Felista